Kampala: Mkaguzi akibisha hodi, mpangaji hufunga mlango

KAMPALA. Mfanyabiashara anayetoka Bukoba, Kisumu au Goma akifika Kampala kwa mara ya kwanza na kuulizia chumba cha bei nafuu, ataambiwa atafute muzigo. Kwa Kiganda cha mjini, muzigo ni chumba kimoja katika safu ya vyumba vya kupanga, na wingi wake ni mizigo. Mswahili akisikia hucheka, kwa sababu mizigo ndiyo aliyoshuka nayo kwenye basi. Lakini baada ya wiki moja maneno hayo mawili huwa yamekutana ndani ya kuta zile zile. Chumba kimepokea godoro, marobota mawili ya mitumba yaliyopandishana hadi karibu na balbu, na jiko la mkaa ambalo wenyeji huliita sigiri, lililoingizwa ndani kwa sababu nje mvua inanyesha. Soketi moja imebeba ekstensheni, birika, pasi na chaja tatu za simu. Dirisha ni moja, limechomelewa nondo dhidi ya wezi. Mlango nao ni mmoja, unafungukia ndani, na nyuma yake limeegemezwa robota la tatu lililokosa nafasi.

Mkaguzi wa majengo akiingia humo hahitaji kifaa chochote. Hatari tano zitamjia machoni kabla hajatoa kalamu mfukoni. Mamlaka za Uganda zinazijua hatari hizo, na zimeandikwa katika sheria na kanuni zake. Jambo ambalo halijapata jibu ni kwa nini mtu anayelala katika chumba hicho ndiye wa kwanza kutotaka mkaguzi akione.

Kwenye makaratasi, Uganda haina upungufu wa wakaguzi. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 iliunda Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Majengo, NBRB, na kuagiza kila wilaya na kila mamlaka ya mji iwe na kamati ya majengo. Kanuni za kina zilifuata, zikiwemo za mwaka 2020. Jijini Kampala kazi ya kila siku ni ya Mamlaka ya Jiji, KCCA, kupitia tarafa zake tano za Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Moto uko chini ya Kurugenzi ya Zimamoto na Uokoaji ya Jeshi la Polisi, na umeme uko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, ambayo huwapa mafundi vibali vya kutandika nyaya majumbani. Nani hatimaye anaingia ndani ya muzigo wa Kisenyi saa mbili usiku, wakati hatari zote zimewaka kwa pamoja? Kwa kweli hakuna.

Sababu iko katika namna ukaguzi ulivyopangwa. Sheria humfuata mjenzi. Ramani hupelekwa, kibali cha ujenzi hutolewa, mkaguzi huja wakati wa msingi, hurudi wakati wa zege, na mwisho jengo linapokamilika hutolewa kibali cha kulikalia. Bila kibali hicho cha mwisho jengo halitakiwi kupokea watu. Mjini hapa, hata hivyo, ni jambo la kawaida kuona ghorofa ya chini ikiuza nguo huku ya nne ikimwagiwa zege, nguzo za miti zikiwa bado zimeshikilia dari juu ya vichwa vya wateja. Na hata pale kibali kinapotolewa kwa haki, huthibitisha hali ya jengo siku lilipokuwa tupu. Miaka kumi baadaye chumba kilichochorwa kama makazi ya watu wawili kimekuwa ghala, jiko na karakana ya cherehani, na kibali kile kwenye faili hakijabadilika hata nukta.

Kinachopatikana ndani

Umeme ndio wa kwanza kutazamwa, kwa sababu ndio unaodanganya zaidi. Soketi ya kawaida ya ukutani katika nchi zetu imetengenezwa kubeba ampea 13. Kwa volti 240, hiyo ni kama wati 3,120. Birika moja hula wati 2,000 hivi, na pasi huzidi 1,000. Akiongezwa jirani anayechemsha maharage kwa jiko la koili kupitia ekstensheni iliyopitishwa dirishani, hesabu imeshavuka. Waya haupigi kelele. Huota moto taratibu ndani ya ukuta, plastiki yake hukauka, hupasuka, na usiku mmoja cheche huruka juu ya robota la nguo.

Kwa kawaida breka ingekata umeme mapema. Lakini breka inayokata kila jioni huwaudhi wapangaji, na hapo ndipo huitwa kamyufu. Hilo ni jina la Kampala la fundi wa umeme asiye na leseni, yule anayeunganisha laini kinyemela, anayeruka mita ya Yaka, na anayeweza kuiondoa breka na kuweka kipande cha waya mahali pake ili “isisumbue tena”. Ada yake ni ndogo na hufika ndani ya nusu saa. Bunge liliongeza adhabu za wizi wa umeme katika marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, na Aprili 1, 2025, mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme ulipokuwa umemalizika, usambazaji ulirudi kwa kampuni ya serikali, UEDCL. Kamyufu hakuondoka na Umeme. Mita moja ya mwenye nyumba bado inaweza kulisha vyumba vinane, na waya wa milimita za mraba 1.5, ambao ulifaa taa tu, bado unabeba soketi zinazohitaji 2.5.

Katika hili wafanyabiashara wa mpakani si watazamaji. Sehemu ya nyaya na ekstensheni zinazouzwa kwa bei ya kutupa katika maduka ya katikati ya jiji huingia kwa njia zile zile zinazopitisha vitenge na viatu. Waya wa alumini uliopakwa shaba juu hung'aa sawa na shaba halisi, hukatwa kwa koleo ile ile, lakini hupata joto zaidi ukibeba mzigo ule ule. Aliyeuvusha kwenye begi akakwepa Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, anaweza kuja kulala chini yake.

Baada ya umeme, mkaa. Kaya nyingi za Kampala hupikia mkaa, na msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, sigiri huingia chumbani kupika na kuleta joto. Mkaa unaowaka kwenye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huanza kuumwa kichwa, viungo hulegea, usingizi huwa mzito. Aliyesafiri usiku kucha kutoka Mutukula au Busia atasema ni uchovu wa safari, au malaria inamnyemelea, atajifunika blanketi na kufunga dirisha. Hakuna harufu itakayomwamsha. Mtungi wa gesi, ambao wengi sasa wanauona kama maendeleo, una tabia nyingine. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni, na katika vyumba vya kupanga sakafuni ndiko jiko la mkaa liliko, na godoro.

Moto ukishaanza, suala linakuwa njia ya kutokea. Nondo za madirishani zimekuwa sehemu ya sura ya nyumba za Afrika Mashariki kiasi kwamba dirisha lisilo nazo huonekana halijakamilika. Uganda imelipia somo hilo kwa watoto. Aprili 2008 wasichana takriban 20 waliteketea katika bweni la shule ya msingi ya Budo Junior, nje kidogo ya Kampala. Oktoba 2022 moto ukaua watu 11 katika bweni la shule ya wasioona ya Salama, wilayani Mukono. Baada ya kila msiba madirisha ya mabweni na milango yake huzungumzwa kwa wiki kadhaa. Madirisha ya vyumba vya kupanga hayakuzungumzwa, ingawa nondo ni zile zile na kufuli ni ile ile. Nondo zinazofunguka kwa ndani zipo, fundi yeyote wa kuchomelea huko Katwe anaweza kutengeneza bawaba na komeo, na gharama yake haifiki thamani ya robota moja. Anayepaswa kulipa ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba hajaombwa.

Kwenye majengo ya maduka, yale ambayo wenyeji huyaita akeedi, hali ni ya namna yake. Ngazi ni moja au mbili, nazo zimekodishwa. Ndiyo, ngazi hukodishwa. Chini yake kuna duka la vifaa vya simu, kwenye kituo chake kuna mama muuza sidiria, na kwenye korido katoni zimesimama pande zote mbili hadi watu wawili hawawezi kupishana. Soko la Owino, au Mtakatifu Balikuddembe kwa jina lake rasmi, liliungua vibaya Februari 2009 na limeungua tena zaidi ya mara moja tangu hapo. Waliopoteza mali hawakuwa Waganda peke yao.

Chini ya msingi

Hatari za ndani ya chumba mtu anaweza kuzipunguza mwenyewe. Zilizo chini ya jengo na juu yake, hapana.

Septemba 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, barabara ya Entebbe, iliporomoka na kuua watu 11. Oktoba 2008 kuta za shimo la msingi kwenye barabara ya Lumumba, katikati ya jiji, ziliwafukia wafanyakazi. Septemba 2022 ikawa zamu ya Kisenyi, mtaa ambao kila Mkongomani na kila Msomali mfanyabiashara anaujua, ambako jengo lililokuwa likipandishwa lilianguka na kuua watu. Matukio hayo yalipishana kwa miaka, na kila moja lina uchunguzi wake. Jengo huweza kuanguka linapobebeshwa zaidi ya kile ambacho msingi wake au udongo wake uliahidi kubeba.

Tamaa hiyo haina uraia. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36. Kibali chake kilikuwa cha ghorofa kumi. Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, soko ambalo ni kama ndugu wa damu wa Kikuubo, likaua zaidi ya watu 20 na kuwanasa wengine kwa siku kadhaa chini ya kifusi. Mashuhuda walieleza kwamba kazi ya kuchimba chini ya jengo, kuongeza nafasi ya biashara, ilikuwa ikiendelea huku maduka ya juu yakiuza kama kawaida. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo. Wanunuzi wa kutoka Lubumbashi, Lusaka na Bujumbura waliokuwa wamelala gesti za mitaa ya jirani walijifunza siku ile kwamba hawakuwahi hata siku moja kutazama juu.

Kampala nayo inachimba chini. Ardhi ya katikati ya jiji ni ghali, na duka la chini ya ardhi hulipa kodi kama duka lingine. Mpangaji anayeona mlango wa geti umefunikwa mabati, malori ya udongo yakitoka usiku na nyufa mpya zikipanda kwenye nguzo, anatazama dalili ambayo mhandisi angeisoma kwa dakika moja. Hodi ya mkaguzi hapo ingemfaa mpangaji kuliko mtu mwingine yeyote.

Na kuna hatari ambayo haiko kwenye jengo kabisa. Agosti 10, 2024, mlima wa taka wa Kiteezi, kaskazini mwa jiji, ulimeguka baada ya mvua na kufunika nyumba zilizokuwa chini yake. Zaidi ya watu 30 walikufa. Dampo lile lilifunguliwa mwaka 1996, lilikuwa limejaa kupita uwezo wake, na kujaa kwake hakukuwa siri. Mwezi uliofuata Rais Yoweri Museveni aliwafukuza kazi Mkurugenzi Mtendaji wa KCCA, naibu wake na mkurugenzi wa afya. Nyumba za Kiteezi zingeweza kupita kila kipimo cha ndani, waya sawa, dirisha sawa, na bado zikafukiwa. Vivyo hivyo kwa vyumba vilivyojengwa kwenye mabonde ya Bwaise, ambako maji ya mvua huingia bila kubisha. Ukaguzi unaoanzia mlangoni huwa umechelewa kwa hatua moja.

Kwa nini mlango unafungwa

Hapa ndipo mjadala wa usalama wa majengo mjini Kampala hukwama, na ndipo haupaswi kuachwa. Kila baada ya msiba viongozi hutaka ukaguzi zaidi. Mara chache husema mkaguzi akikuta kosa, hasara ni ya nani.

Chukua mfanyabiashara aliyelipa kodi ya miezi mitatu mbele, kama wenye nyumba wengi wanavyodai, akajaza chumba mali ya mkopo. Mkaguzi anakuja, anaona nguzo imepasuka au nyaya zimeungua, anatoa amri ya kufunga. Mwenye nyumba anabaki na ardhi yake, kodi aliyokwisha pokea na haki ya kukata rufaa. Mpangaji anapewa muda mfupi wa kutoa vitu. Kodi yake ya mbele haina wa kumrudishia, mteja wake hajui alikohamia, na chumba kingine kinataka miezi mitatu mingine. Kwa hesabu hiyo, mkaguzi ndiye hatari iliyo karibu. Waya ni hatari ya kesho, labda. Mtu mwenye akili timamu atafunga mlango na kusema mwenye chumba hayupo.

Nairobi iliona mwisho wa hesabu hiyo. Jengo la Huruma lililoanguka usiku wa Aprili 29, 2016, na kuua takriban watu 50, lilikuwa limeshatajwa kuwa ni la kubomolewa. Wapangaji walikuwamo. Majengo mengine ya jiji hilo yalichorwa alama ya X nyekundu na Ukaguzi wa Taifa wa Majengo, na watu wakaendelea kuishi nyuma ya alama hiyo, wengine wakivutiwa na kodi iliyoshuka. Ni rahisi kuwaita wazembe. Walikuwa wanalipa bei ya nyumba wanayoimudu katika jiji lisilo na nyingine.

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya Uganda ya mwaka 2022 ilipaswa kusawazisha mizani. Inamkataza mwenye nyumba kukodisha makazi yasiyofaa binadamu. Inaweka ukomo wa nyongeza ya kodi kuwa asilimia 10 kwa mwaka, na inamzuia kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Makubaliano yenye thamani ya shilingi 500,000 za Uganda au zaidi yanatakiwa yawe ya maandishi. Ni sheria nzuri kwa mwenye mkataba. Muzigo hukodiwa kwa mdomo, mbele ya dalali, risiti ikiwa ni ujumbe wa pesa za simu. Mgeni asiye na mkataba atasimamaje mbele ya hakimu kudai kwamba chumba hakikufaa, wakati hana karatasi ya kuonyesha kwamba chumba kilikuwa chake? Na mgeni ambaye basi lake linaondoka Ijumaa ataisubiri kesi hiyo hadi lini?

Jumuiya ya Afrika Mashariki haijasaidia sana hapa, ingawa ingeweza. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inatambua haki ya raia wa nchi mwanachama kuingia, kufanya kazi, kujiimarisha kibiashara na kukaa katika nchi nyingine. Mhandisi wa Tanzania au Kenya anaweza kutambuliwa Uganda kwa makubaliano ya mwaka 2012 ya kutambuana kitaaluma. Nondo, saruji na nyaya zina viwango vya pamoja, na alama ya ubora iliyotolewa na shirika la nchi moja inapaswa kuheshimiwa katika nyingine. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 hupita Busia au Mutukula kwa utaratibu rahisi wa forodha. Hata lori lake lina kadi ya njano ya bima inayovuka mipaka. Mnyororo wote huo wa karatasi humsindikiza hadi kwenye geti la nyumba ya kupanga, kisha unakatika.

Mtu ambaye hawezi kununua tani moja ya mahindi bila kuuliza cheti chake hupanga chumba cha kuhifadhia mahindi hayo bila kuuliza kibali cha jengo kukaliwa. Hajui kama kipo. Hakuna aliyemwambia kwamba karatasi hiyo ina jina, hutolewa na kamati ya majengo, na kwamba jengo lisilo nayo halikupaswa kumpokea. Leseni ya biashara hutakiwa kuonekana dukani, tena akikosa kuibandika anatozwa faini yeye. Karatasi inayosema jengo lililo juu ya kichwa chake ni salama hukaa kwenye kabati la ofisi ya tarafa, kama ipo.

Mabadiliko mawili yangegeuza hesabu ya mpangaji, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi za serikali. La kwanza ni kibali cha kukaliwa kubandikwa mlangoni, mahali ambapo dalali hawezi kukiruka. La pili ni gumu zaidi kisiasa, kwa sababu wenye majengo ya katikati ya Kampala ni watu wenye sauti: amri ya kufunga jengo iende pamoja na amri ya kurudisha kodi iliyolipwa mbele, na muda wa kutosha wa kutoa mali. Mwenye nyumba akijua kwamba ufa kwenye nguzo unamgharimu kodi ya miezi mitatu ya vyumba arobaini, atamtafuta mhandisi mwenyewe. Mpangaji akijua fedha yake itarudi, atafungua mlango, na pengine atamwonyesha mkaguzi waya ambao mwenye nyumba alikuwa ameuficha nyuma ya kabati. Wapo watakaosema hatua hizo zitapandisha kodi. Zitaipandisha kidogo, ndiyo. Kodi ya sasa ni nafuu kwa sababu sehemu ya gharama inalipwa siku jengo linapoanguka, na anayelipa si mwenye jengo.

Mpaka hapo, mgeni anayepanga chumba Kampala wiki hii amebaki na macho yake. Viganja viwili juu ya soketi baada ya saa moja ya kutumia pasi vitamwambia kama waya unachemka. Hatua chache kurudi nyuma barabarani zitamwonyesha kama ghorofa ya juu ina rangi na matofali tofauti na za chini, dalili kwamba iliongezwa baadaye. Usiku wa kwanza atembee kutoka kitandani hadi barabarani bila taa, ahesabu milango na kufuli, na aulize funguo za geti hukaa kwa nani saa nane ya usiku. Robota lisikae nyuma ya mlango. Sigiri ilale nje, hata kama mvua inanyesha. Namba ya dharura ya polisi ni 999, na zimamoto wako chini ya polisi hao hao, ingawa katika vichochoro vya Kisenyi gari lao huishia barabara kuu na mipira huvutwa kwa mikono.

Anayetaka kujua zaidi anaweza kwenda ofisi ya tarafa na kuuliza faili la jengo. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Faili atakalofunguliwa, likipatikana, litakuwa kwa Kiingereza, na atakayemsomea kaunta ni karani, akiwa na nafasi.